Kamera Mpya na Macho ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imefika leo asubuhi, na leo hii hii wametangaza kamera mpya. Binti yetu alinipigia simu kutoka kazini kabla sijamaliza chai.

"Baba, umeona? Wametangaza mrithi wa kamera yako."

Alisema "mrithi" kana kwamba yangu imeshakufa na tumetoka kuizika.

Nimeisoma habari yote, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena. Inaona gizani. Haitikisiki hata mkono ukitikisika. Inalitafuta jicho la mtu yenyewe na kulishika, ageuke atakavyo. Itafika madukani mwishoni mwa Aprili. Yangu, mlango wa betri nimeufunga kwa mpira, na siku za unyevu kitufe hugoma mpaka nikipulizie pumzi ya moto.

Nimemwonyesha mke wangu picha ya hiyo kamera. Ameitazama akasema, "Nyeusi." Akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wateja wawili wa picha za pasipoti, wote wamelowa chapachapa. Mmoja alikataa taulo. Alisema mpakani watamkuta amelowa vilevile, bora picha ifanane.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumepiga picha ya Kaka. Nasema "ya Kaka" ingawa aliyemo ni mimi. Ni yake kwa sababu yeye ndiye huipokea. Kila mwaka mvua zikianza mimi humpelekea moja, naye hunirudishia moja aliyopigwa studio ya mji anakoishi.

Tulitengana msimu kama huu. Mama hakuweza kutembea. Kaka akabaki naye, mimi nikaambiwa niondoke na watu waliokuwa wakiondoka, nitangulie, wao watanifuata. Nikatangulia. Nimetangulia mpaka leo.

Alipokwisha kumzika Mama, Kaka naye alivuka mpaka, lakini kwa upande mwingine. Ilichukua miaka tupatane kwa barua. Tangu hapo nimetaka kwenda kumwona. Kwanza njia ilifungwa. Ilipofunguliwa sikuwa na karatasi. Nilipopata karatasi watoto walikuwa shuleni. Watoto walipomaliza, goti likaanza. Akiba ya safari ipo, siku nyingi inatosha, wala hakuna anayeigusa. Sababu zimekwisha, nimebaki mimi.

Chumba cha mbele ndicho studio: kigoda, kitambaa cha kijivu ukutani, dirisha moja kubwa. Nilikaa kigodani, fimbo nikaiegemeza pembeni isionekane. Mke wangu ndiye mpigaji siku hii.

"Kaa ulivyo," akasema.

"Ndivyo nilivyo."

"Wewe ulivyo una kibiongo. Huyu aliyenyooka simjui."

"Mpige huyohuyo. Haya, sasa!"

Akabonyeza. Kitufe kikagoma. Nikainuka, nikakipulizia, nikarudi kujinyoosha upya.

Jumamosi, 8 Machi

Dereva wa lori la saruji ameichukua picha. Ameahidi kutoiweka karibu na ndizi zake kama mwaka jana.

Jumapili, 16 Machi

Binti wa Kaka alipiga simu tukiwa mezani. Kwa kawaida yeye huandika. Akipiga, najua kuna jambo ambalo limekataa kuandikika.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Picha imefika. Baba anaisogeza huku na huku. Anaileta mpaka puani. Tumempeleka kwa daktari wa macho, na alinikataza nisikwambie. Ni presha ya macho. Imeanza kula pembeni, sasa inakuja katikati. Kilichopotea hakirudi. Dawa ni za kulinda kilichobaki, na kilichobaki si kingi."

Nikamuuliza ni muda gani.

"Daktari hakusema. Alisema tu, kama kuna kitu anapenda kukiona, akione."

Nyuma yake nikamsikia Kaka akinguruma: "Nani huyo? Mdogo wangu? Mwambie picha ya mwaka huu imepigwa na mlevi!"

"Baba, kaipiga mama mdogo."

"Basi namtaka radhi shemeji. Mwambie tatizo ni taa. Nyumba hii taa zote zimechoka."

Mtu atauliza mbona hatuonani kwa simu kama watu wengine. Tulijaribu. Kaka aliiweka simu sikioni, nikalitazama sikio lake mpaka salamu zikaisha.

Mke wangu alikuwa ameacha kula. Nikamweleza. Akasema, "Sasa?" Nami nikajifanya ananiuliza kama nataka chai zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata la kufanya. Kama macho yake yamepungua, picha iongezeke. Nimempelekea uso ulio sawa na kiganja, nikategemea auone! Nitamkuzia. Nashangaa sikuliwaza mapema.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya upepo. Nimekata makaratasi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechapisha uso wangu vipande vipande na kuvigandisha juu ya kadibodi mpaka ukawa mpana kuliko meza. Nikausimamisha studio, nikarudi nyuma kuutazama. Wakati huohuo akaingia Bisibisi, fundi wa redio na kamera wa mtaa wa nyuma, ambaye jina lake limesahauliwa hata na wakwe zake kwa sababu ya bisibisi anayoichomeka nyuma ya sikio. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika.

"Mzee, unagombea nini?"

"Sigombei kitu."

"Bango kubwa hivi, halafu hugombei? Niambie chama, nikupigie kura."

Nikamweleza habari ya Kaka. Akaacha utani. Akasogea karibu na bango, akainama, akanionyesha kwa kidole. Kwa karibu uso wangu ulikuwa umevunjika kuwa viraba, kama sakafu ya vigae. Jicho halikuwa jicho.

"Kamera yako haikuumbwa kwa kazi hii," akasema. "Ile mpya waliyoitangaza, ukiitumia, bandika picha jengo zima, bado utahesabu nyusi."

Hata hivyo nimeufunga mzigo na kumpa dereva. Alipouona akauliza kama ni mlango.

Jioni nimeisoma tena ile habari ya kamera. Mke wangu alipita nyuma ya kiti changu akasoma begani. Akasema, "Pesa ya kununua kitu cha bei hiyo, ndani ya nyumba hii, ni moja tu."

"Najua."

"Nilitaka kuhakikisha unajua."

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imetoboa bati juu ya jiko. Beseni chini. Tunakula tukisikiliza ti, ti, ti.

Jumatano, 2 Aprili

Kaka amepiga mwenyewe.

"Wewe! Umenitumia ramani ya wapi?"

"Si ramani, Kaka. Ni mimi."

"Ni wewe? Mimi nimeanzia kona ya juu, nikaingia pori. Nikapita pori, nikashuka bonde, nikatumbukia shimoni."

"Pori ni nywele."

"Na shimo?"

"Pua, Kaka."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, mke wangu akatoka jikoni kutazama kama tumepatwa na kitu. Kisha Kaka akashusha sauti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Katikati pamebaki padogo tu. Ukinipa kitu kikubwa, umenipa ukuta. Hata uso wa huyu mwanangu nauokota kipande kipande: jicho, halafu pua, halafu mdomo. Nikifika kidevuni, jicho nimeshalisahau."

Nikamuuliza kama anatumia dawa.

"Natumia. Zinawasha." Kisha akasema, "Usijisumbue tena na picha. Tunasikizana, inatosha."

Kaka hajawahi kuniambia "njoo". Kwa miaka yote hiyo hajaitamka, nami nilikuwa nikimshukuru moyoni kwa kutonibana. Leo nilikata simu nikiwa sina shukrani hata chembe. Nilitaka aniambie.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumegombana. Naandika yote kwa sababu nataka kuona nani alianza.

Asubuhi nilimwambia mke wangu: "Kumbe kosa langu lilikuwa ukubwa. Anayechungulia kwenye tundu anahitaji kitu kidogo. Kidogo, lakini kikali, kila kitu kionekane ndani ya lile tundu lake. Uso mzima, wa ukubwa wa stempu, usiovunjika."

"Vizuri."

"Kwa hiyo tunaihitaji ile kamera."

Akaweka kikombe chini. "Picha ilipokuwa kubwa, tulihitaji kamera. Sasa imekuwa ndogo, tunahitaji kamera. Akipofuka kabisa, baba, tutahitaji kamera ipi?"

"Usimtabirie mabaya."

"Simtabirii. Daktari kasema. Macho ni yake, kamera ni yako. Hata ungenunua yenye kuona nyuma ya ukuta, atakayepata kuona ni wewe, si yeye."

Nikamwambia haelewi kazi ya picha. Hilo lilikuwa la kijinga, maana yeye ndiye aliyechapisha kila picha iliyotoka nyumba hii mpaka vidole vikawa na rangi isiyotoka.

"Naielewa sana," akasema. "Kwenye picha wewe ndiye unayemchagulia cha kuona. Fimbo unaiweka pembeni. Mgongo unaunyoosha. Ukishajipanga unaniambia 'sasa'. Kule ukienda, nani utamwambia 'sasa'?"

Hapo ndipo niliposema kwamba kwake ni rahisi kusema, ndugu zake wote wako mtaa huu, anawasalimia akienda sokoni.

Akainuka. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na mimi huogopa zaidi hivyo.

Nimeona. Nilianza mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Hatusemezani. Ameniwekea chai na kuifunika kisahani isipoe, kwa hiyo si vita kamili.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Chai bila kisahani.

Jumapili, 6 Aprili

Nimejipikia chai mwenyewe, nikampelekea na yeye. Akaionja. "Sukari umeweka kwa kijiko au kwa koleo?" Ndiyo sentensi ya kwanza tangu Alhamisi. Nimeipenda.

Jumanne, 8 Aprili

Hakukuwa na wateja. Tulikaa studio tukitazama maji yakipita barabarani na mzigo wake wa kandambili na chupa. Nilimwomba radhi. Alikuwa akishona kifungo cha shati langu, hakuinua kichwa.

"Unaogopa nini hasa?" akauliza. "Niambie mimi. Si lazima umwambie yeye."

Nimesoma vitabu vingi maishani lakini jibu hili halikuwamo katika hata kimoja.

"Ataniangalia, ataona kwamba niliondoka."

"Uliambiwa uondoke."

"Niliambiwa. Lakini yeye ndiye aliyembeba Mama kumtoa nje asubuhi na kumrudisha ndani jioni. Yeye ndiye aliyechimba. Mimi nilikuwa najifunza kuwapiga picha watu wanaotabasamu."

Akakata uzi kwa meno. Akaenda kwenye kabati, akarudi na picha za Kaka, zile zote alizotuletea mwaka hadi mwaka, akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata.

"Mtazame. Kila picha shati jipya. Limepigwa pasi, mkunjo bado uko begani. Mtu mwenye lawama, mzee wangu, hanunui shati kila mwaka akapange foleni studio kwa ajili yako."

Mimi nimezitazama picha hizo kwa jicho la kazi: mwanga mbaya, kivuli chini ya kidevu, mpigaji mvivu. Mashati sikuwahi kuyaona.

Hata hivyo bado naitaka kamera. Sitaki kujidanganya humu, ambamo hakuna wa kudanganywa. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na hii ni kamera nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika au kuzisoma. Yangu inakufa. Nikimpigia Kaka picha moja tu kamilifu kabla tundu halijaziba, je, si kitu? Nilimwambia hivyo mke wangu.

"Ikifika twende tukaione," akasema. "Pamoja. Usiamue kitu kwa kusoma."

Jumanne, 15 Aprili

Bisibisi ameifungua kamera yangu, akaipangusa ukungu, akapaka kitu kwenye kitufe. Hakutaka malipo, alitaka chai. "Itaenda," akasema. "Lakini ikikohoa tena usiniite mimi, mwite wa kuiombea."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Binti wa Kaka ameandika: Baba amemimina chai pembeni ya kikombe, kisha akagombana na kikombe.

Jumamosi, 26 Aprili

Kamera imefika. Tulikwenda asubuhi, mwavuli mmoja, mimi nikalowa bega la kulia na yeye la kushoto.

Duka lilikuwa na watu wengi, vijana wengi zaidi. Muuzaji alitupisha mbele kwa heshima ya mvi. "Shikamooni. Babu, ishike usiogope. Hii, jicho inalitafuta yenyewe."

Nikaishika. Nilisahau watu. Ilikaa mkononi kama iliyonijua. Nikaielekeza kwa mke wangu aliyesimama karibu na dirisha akikung'uta mwavuli, na kwenye kioo kikatokea kijiraba chembamba cha rangi ya kijani, kikaenda moja kwa moja kikatua kwenye jicho lake. Akageuka kumtazama mtoto aliyelia, kijiraba kikamfuata. Akainama kuokota mfuko. Kikapotea, kikahangaika huku na huku pembeni ya kioo kama kuku aliyepotewa na kifaranga, na alipoinuka tu, hicho, juu ya jicho.

"Umeona, babu? Haiachi. Mtu akijificha, inamsubiri."

Nikabonyeza. Kamera yangu huchelewa kidogo, na kidole changu kimezoea kuiwahi. Hii haichelewi. Kwa hiyo nilimkamata mke wangu kabla ya wakati, mdomo wazi, akiniambia jambo. Tukaitazama pamoja. Kila kope ilikuwa pale. Mikunjo ya pembeni ya macho, kitone cha mvua kwenye nyusi, ile rangi ya vidole vyake isiyotoka.

"Nani huyu ajuza?" akauliza.

"Simjui. Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema bega lako limelowa."

Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga. Nataka iandikwe hivyo. Niliielekeza tena kwake, si kwa ajili ya kupiga, bali kukiangalia tu kile kijiraba. Akatembea mpaka mlangoni, kikaenda naye. Watu wakapita katikati. Kikapotea, kikamtafuta, kikampata. Nikafikiri: chombo cha dukani, hakina damu, hakina mama, na hakitulii mpaka kimefika kwenye jicho la mtu. Mimi nimetulia miaka yote hii. Nimekuwa nikimpa dereva wa saruji karatasi.

Nikairudisha juu ya meza.

"Vipi, babu? Nikufungie?"

"Hapana, mwanangu. Nina safari."

"Ukirudi itakuwepo."

"Najua," nikasema. "Hiyo inaweza kunisubiri."

Mke wangu alifungua mwavuli, akanipa mimi upande mkubwa.

Tulipofika pembeni ya barabara nikasema, "Niliitaka kweli, unajua."

"Najua. Nilikuona ulivyoishika. Mimi hujawahi kunishika hivyo."

Jumapili, 27 Aprili

Nilimpigia Kaka. Nikasema bila salamu ndefu: "Nakuja."

Nilidhani simu imekatika. Nikasikia mvua ya kwao.

"Kaka?"

"Nipo. Huku kuna matope," akasema. "Uje na viatu vya maana."

Halafu akampa binti yake simu. Binti alikuwa ananong'ona: "Baba mdogo, ameingia chumbani. Anafungua kabati. Sijui anatafuta nini."

Alhamisi, 1 Mei

Daraja la njia ya kwenda kwao limechukuliwa na maji. Hakuna basi. Wamesema tusubiri tangazo. Nilikuwa nimeshafunga begi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Hakuna tangazo.

Jumanne, 6 Mei

Binti wa Kaka ameandika: tundu linazidi kuziba. Anawatambua watu kwa hatua zao sasa. Asubuhi hujisogeza dirishani kupima kama mwanga umeongezeka au umepungua.

Miaka yote sikwenda na daraja lilikuwepo. Nimelisoma neno hilo "subiri" kwenye karatasi ya kituo cha mabasi, nikataka kulichana.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mke wangu amenifumania nikivaa viatu vya safari kwenda kununua chumvi. Hakucheka. Alinifungia kamba vizuri.

Jumatatu, 12 Mei

Wameweka daraja la muda. Magari madogo yanavuka, mabasi bado. Bisibisi ana shemeji yake mwenye gari la mizigo ya mbogamboga linalokwenda kule kesho alfajiri. Nitakaa mbele.

Binti yetu alikuja na dawa za goti na maneno mengi. "Baba, kamera nitakununulia mimi, mwakani."

"Mwakani tutaona."

"Na hii ya zamani unakwenda nayo?"

Nikamtazama mke wangu. Yeye anabaki, wateja wa pasipoti hawana habari na ndugu zangu. Kamera inabaki naye. Nikaanza kumweleza habari za kitufe, joto, mpira wa betri, na yeye akanisikiliza kwa upole, kama mtu anayefundishwa jina lake mwenyewe.

"Hutaki hata picha moja ya huko?" binti yetu akauliza.

"Mwache," mama yake akasema. "Mwache aende kutazama."

Jumamosi, 17 Mei

Naandika asubuhi, nyumbani kwa Kaka.

Tulifika jana saa za alasiri, siku ya nne ya matope njiani, nikiwa na harufu ya kabichi kichwani mpaka miguuni. Mvua ilikuwa imesita. Binti wa Kaka alinipokea barazani, akanikumbatia, na juu ya bega lake nikamwona mzee ameketi kwenye kiti, shati jipya, mkunjo wa pasi begani. Alikuwa amegeuza uso pembeni kidogo, akisikiliza.

"Tangu lini unatembea na fimbo?" akauliza.

"Siku nyingi, Kaka."

"Kwenye picha haikuwepo."

"Niliiweka pembeni."

"Ahaa." Akainuka akishika mkono wa kiti. "Njoo hapa kwenye mwanga."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayechagua tikiti maji, akakileta karibu mpaka pumzi zetu zikachanganyika. Akaanza kukizungusha taratibu mbele ya hilo tundu lake. Nilimwona mboni ikihangaika, ikipotea, ikirudi. Sikunyoosha mgongo. Sikuwa na wa kumwambia "sasa". Alipita kwenye paji, akasimama kwenye jicho la kushoto.

"Hili ni la Mama."

Akaenda la kulia. Akakaa hapo muda.

"Hili silijui."

"Hilo nimelipata huko nilikokwenda."

Akatikisa kichwa, akashuka puani, mdomoni, kidevuni, akarudi juu kuanza upya. Nilimwacha. Angeweza kuendelea mpaka giza.

"Umechelewa," akasema hatimaye, kichwa changu bado mikononi mwake.

"Mlisema mtanifuata."

"Mama alikuwa mzito."

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka tumeshikana, wazee wawili, binti yake akishika fimbo yangu na mkono wa Kaka ili tusianguke wote, na ndani ya kicheko hicho nilisikia kifua chake kikibadilika, kisha changu. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Baada ya kula tulizungumza habari za Mama. Alinieleza yote, bila haraka, nami sikuuliza swali. Sitayaandika humu. Yamekaa mahali pake.

Nyumba ni ya vyumba viwili na kitanda cha wageni hakuna, kwa hiyo ilibidi tulale pamoja kitandani kwake. Binti alitandika, akasema: "Baba, wewe lala ukutani, usije ukaanguka. Baba mdogo atalala huku mlangoni."

"Nani kasema?" Kaka akauliza.

"Baba, huoni vizuri."

"Nimemuuliza nani kasema." Akapapasa ukingo wa kitanda, akaketi upande wa mlangoni, akavua viatu, akaviweka sawasawa chini pale ambapo yeyote atakayeingia lazima avikanyage kwanza. Akapiga godoro nyuma yake kwa kiganja. "Wewe. Pita huko."

"Kaka, mimi ndiye ninayeona."

"Na mimi ndiye mkubwa."

Nikasogea ukutani.